Tunahesabu boti, nani anahesabu samaki?

Mwaka 2001, sensa ya uvuvi ya pwani ya Tanzania Bara ilihesabu wavuvi takriban 19,000. Mwaka 2009 walikuwa zaidi ya 36,000. Sensa za muongo uliofuata zikawakuta wamevuka 50,000. Katika kipindi hicho chote, samaki wa baharini walioandikwa kwenye vitabu vya serikali walizunguka palepale, karibu tani 50,000 kwa mwaka: mwaka huu wamezidi kidogo, mwaka ule wamepungua kidogo. Gawanya. Mvuvi wa 2001 alikuwa akitoa baharini wastani wa tani mbili na nusu kwa mwaka. Mwenzake wa sensa za baadaye hafikishi hata tani moja.

Hesabu hiyo haihitaji profesa, lakini haipigwi. Kinachosomwa mbele ya wananchi ni tani. Tani hazijaporomoka, basi bahari ni nzima, tugawe boti nyingine. Gazeti hili linaona kuwa hapo ndipo tunapopotea. Tani 50,000 zilizoletwa na watu 19,000, wengi wao kwa mshipi, dema na ngalawa ya tanga, na tani 50,000 zilizoletwa na watu zaidi ya 50,000 walioongeza mashine, taa za kuvutia dagaa na nyavu ambazo macho yake hayapitishi kidole, ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni ya bahari inayotoa. Ya pili ni ya bahari inayokamuliwa.

Anayetaka kuiona tofauti hiyo bila jedwali aende soko la Feri, Dar es Salaam, mnada ukiwa umechangamka, asimame karibu na dalali na kuangalia samaki badala ya kusikiliza bei. Changu wanauzwa kwa fungu, na fungu limejaa changu wa urefu wa kiganja. Tasi wamo wa vidole viwili. Chewa, samaki ambaye aina zake kubwa humzidi mtu mzima kwa uzito, amejikunja ndani ya beseni la plastiki pamoja na pono wadogo na bado nafasi imebaki. Nunua changu mmoja kati ya hao, mpeleke kwa vijana wanaopaa samaki, waombe wakupasulie taratibu. Utaona utumbo, ini, kifuko cha hewa, na uzi mwembamba uliolala mahali ambapo mayai yangekaa. Huyo hajawahi kutaga. Ametolewa baharini kabla hajaiachia hata kizazi kimoja.

Soko nalo limeshamzoea. Mama lishe anataka samaki wa kuenea sahani, mmoja kwa mteja mmoja, na hatumlaumu, kwani samaki huyo ndiye anayeuzika. Ila samaki wa kuenea sahani, kwa aina nyingi za samaki wa miambani, ni mtoto.

Udogo huu wa samaki ndio king'ora chenyewe, na hulia mapema kuliko tani. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike. Wakishakua, baadhi yao hugeuka madume. Pono ni hivyohivyo, na changu wa aina kadhaa pia. Bunduki ya kuvulia na mshipi mnene huchagua wakubwa, na wakubwa wakiisha kinachobaki mwambani ni majike mengi yasiyo na madume ya kutosha. Chewa wana tabia nyingine inayowaponza: aina nyingi hukutana kutaga mahali palepale, kwa mwezi uleule, mwaka hata mwaka. Wavuvi wazoefu wanazijua sehemu hizo kwa majina. Zamani kuzijua kulikuwa siri ya baba na mwana, na chombo cha tanga hakikufika huko kila siku. Leo mahali hapo panahifadhiwa kwenye simu yenye ramani, na mashine inafika kabla jua halijachomoza. Safari chache tu zinatosha kuondoa wazazi wa eneo zima, na siku hiyo tani zitasomeka vizuri sana.

Mwamba nao hudai chake. Watafiti waliofanya kazi kwa miongo kadhaa kwenye miamba ya Kenya, Tim McClanahan akiwa mbele yao, walionyesha jambo ambalo mvuvi yeyote wa Diani anaweza kuliona kwa nyayo zake. Kuna wanyama wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, wale wanaomchoma mtu akikanyaga ovyo maji yakiwa yamekupwa. Anayewala na kuwapunguza ni kikande, samaki mwenye meno magumu na hasira nyingi kuliko mwili wake. Vikande wakivuliwa wakaisha, wenye miiba huongezeka bila kipimo, hukwangua mwamba usiku na mchana, na matumbawe hubomoka kwa kasi kuliko yanavyojenga. Ndani ya hifadhi za zamani, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, vikande wapo na miiba ni michache. Nje yake mambo ni kinyume. Kikande hana bei kubwa sokoni. Hakuna waziri atakayemtaja kwenye hotuba. Ila akiondoka, anaondoka na nyumba ya changu, tasi na pweza.

Halafu kuna suala la nani anaingia kwenye tani hizo. Tani moja ya chewa na tani moja ya dagaa zikifika kwenye jedwali ni tani moja na tani moja. Papa, chewa na nguru wakipungua, watu hushuka kwa pono na tasi. Hao wakipungua hushuka kwa vibua na dagaa, na jumla ya chini ya ukurasa inabaki imesimama. Hatuwadharau dagaa. Unguja wamewapa maelfu ya kina mama kazi ya kuchemsha na kuanika, na magunia yao yanakwenda hadi masoko ya Kongo. Lakini dagaa ndio chakula cha kolekole, nguru na jodari. Tukiwageuza kuwa tegemeo la mwisho, tunavua samaki wakubwa na tunavua pia chakula chao. Kuhusu papa, hali imeshapimwa duniani kote: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, na Bahari ya Hindi ni miongoni mwa zilizoumia zaidi.

Wasomaji wetu watasema: mbona hatujafika huko, bahari ni kubwa. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, na kisa chao tutakieleza kwa kirefu kwa sababu kinatuhusu kuliko kinavyoonekana.

Huko kulikuwa na samaki wa bahari zenye baridi aitwaye kodi, aliyelisha Ulaya kwa karne karibu tano. Meli kubwa za kukokota nyavu kutoka Usovieti, Uhispania, Ureno na kwingineko zilimwandama hadi mwaka 1968 zikavua karibu tani 800,000 kwa mwaka mmoja. Samaki wakaanza kupungua. Mwaka 1977 Kanada ikatangaza mamlaka yake hadi maili 200 za baharini, ikawafukuza wageni, na wananchi wakashangilia. Kisha serikali ikafanya jambo ambalo kila serikali hulifanya baada ya kufukuza wageni: ikajaza nafasi yao. Ikatoa mikopo, ruzuku, meli mpya, viwanda vipya. Katika miaka ya 1980 wavuvi wadogo wa pwani walianza kulalamika kwamba samaki wanaowafikia ni wachache na wadogo. Hawakusikilizwa, kwa kuwa meli kubwa za bahari ya mbali bado zilikuwa zinajaa. Zilijaa kwa sababu samaki waliobaki walijikusanya pamoja, na vifaa vya kuwasaka vilikuwa vimezidi kuwa vikali. Tani zilisema ndiyo, udogo wa samaki ulisema hapana, na wizara ikaamini tani.

Tarehe 2 Julai 1992 Waziri wa Uvuvi, John Crosbie, alitangaza kufunga uvuvi huo. Ilielezwa kuwa ni kwa miaka miwili. Takriban watu 30,000 walipoteza ajira, vijiji vikahama, na uvuvi wa kibiashara ulifunguliwa tena mwaka 2024, tena kwa kiwango kidogo cha tani 18,000. Miaka 32. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa ameshaoa.

Kwa nini samaki walichelewa kurudi hata baada ya nyavu kuondolewa? Sababu ni zaidi ya moja, baridi ya maji ikiwamo, lakini mojawapo ilikuwa kwenye miili yao. Waliobaki walikuwa wadogo. Jike moja la kodi lenye kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 ya kilo mbilimbili yakijumlishwa, na mayai ya jike kubwa kwa kawaida huwa na nguvu zaidi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua hali hiyo bila kusoma baiolojia: ni kula mtaji. Duka litaonekana limejaa kwa miezi kadhaa, wateja wataingia na kutoka, hadi siku rafu za nyuma zitakapoguswa.

Kanada ni nchi tajiri. Ililipa watu wake mabilioni ya dola wakae nyumbani. Sisi bahari ikifunga tutawalipa nini watu wa Jibondo, Songosongo, Kojani na Moa?

Kwa dunia nzima, takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaonyesha mwelekeo uleule: mwaka 1974 ni asilimia 10 tu ya makundi ya samaki wa baharini yaliyofuatiliwa yaliyokuwa yakivuliwa kupita uwezo wake wa kujirudisha, na kufikia 2021 ilikuwa asilimia 37.7. Malengo ya Maendeleo Endelevu yalitaka jambo hilo likome ifikapo 2020. Mwaka ulipita.

Turudi nyumbani, na tuanze na habari njema, kwa sababu ipo. Kwa zaidi ya miaka hamsini pwani yetu ilivuliwa kwa baruti. Sheria iliipiga marufuku tangu 1970, na marufuku hiyo iliheshimiwa na samaki peke yao. Mwaka 2015 watafiti waliburuta vinasa sauti majini kwenye mwambao wa Tanzania na kunasa milipuko zaidi ya 300 katika muda wa karibu mwezi mmoja. Zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, yaani karibu na ofisi zote zenye wajibu wa kuizuia. Chupa ya baruti ikilipuka, kifuko cha hewa cha samaki hupasuka na wengi huzama. Mpiga mbizi huokota anaowawahi, waliobaki huoza chini. Matumbawe husambaratika kuwa vifusi vinavyobingirika na kila wimbi, na tumbawe changa halina pa kushika kwa miaka mingi. Wanunuzi waliwajua samaki hao kwa kuwagusa: nyama imelegea mapema, damu imejaa tumboni, mfupa wa mgongo umeachana. Waliwajua, wakawanunua.

Kisha kikaundwa kikosi kazi cha vyombo kadhaa kwa pamoja, polisi na maofisa uvuvi wakiwamo, na kuanzia mwaka 2016 milipuko ikashuka sana. Haikuisha, lakini anayekaa Kigamboni au Tanga anaweza kukumbuka asubuhi zilivyokuwa na zilivyo sasa. Maana yake dola ikitaka inaweza. Ndiyo sababu hatukubali kuambiwa kwamba haya mengine yameshindikana.

Mengine ni yapi? Nyavu. Juya la kukokota ni haramu Bara, na Kenya ililipiga marufuku tangu 2001, lakini linaendelea kuburutwa juu ya majani ya bahari, mahali ambapo watoto wa tasi, changu na kamba hujificha hadi wapate ukubwa. Juya halichagui. Linatoka na pweza mdogo, samaki wa mapambo, majani na matope, na kilichokosa mnunuzi kinabaki mchangani. Kina mama wamekuwa wakitanda uduvi kwa kanga tangu enzi za bibi zetu bila bahari kulalamika. Siku hizi kanga imebadilishwa na chandarua cha mbu kilichounganishwa vipande vitatu, na chandarua hakiachi kitu.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu nani anaadhibiwa. Tumeona operesheni za kuchoma nyavu, moshi ukipanda mbele ya kamera na kiongozi akiwa amesimama kando. Mvuvi aliyechomewa wavu wa mkopo hakuacha uvuvi. Alirudi kwa tajiri yule yule, akakopeshwa wavu mwingine, na kwa kuwa sasa anadaiwa mara mbili akachukua wenye macho madogo zaidi. Nyavu haramu za plastiki hazifumwi Mafia wala Mkinga. Zinatengenezwa viwandani ng'ambo, zinafika ndani ya makontena na kuuzwa madukani mchana kweupe. Kontena lina mwenye nalo, na jina lake lipo kwenye karatasi za forodha. Tungependa kuona moshi wa kontena moja kabla ya moshi wa nyavu mia za maskini.

Wapo wanaokumbuka Juni 2018, maofisa uvuvi walipoingia kwenye kantini ya Bunge, Dodoma, wakaanza kupima kwa rula samaki waliokuwa wakiandaliwa kwa waheshimiwa. Wabunge walicharuka, nchi ikacheka wiki nzima. Sisi tulicheka pia, lakini rula yenyewe haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba ilifika mwisho wa safari, samaki akiwa ameshakaangwa, badala ya kufika mwanzo. Rula ikikaa kila diko mikononi mwa watu wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, na kamati za wavuvi za shehia, wakaandika urefu wa samaki kumi au ishirini wa kila aina kwa kila bamvua, baada ya miaka miwili nchi ingekuwa na taarifa inayozidi kwa mbali hesabu ya tani. Gharama yake ni daftari, kalamu na posho ya heshima.

Kwenye bahari kuu hadithi inakuwa ndefu na yenye wenyewe wengi. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya maji yetu na karibu tani 300 za jodari na samaki wengine. Watanzania wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa kuwa ndiye aliyekuwa waziri mwenye dhamana. Samaki waligawiwa. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2014 iliwaachia waliokuwa wamehukumiwa. Leseni sasa zimewekewa utaratibu chini ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iliyoko Zanzibar. Ila jodari hasomi leseni. Anavuka kutoka kwetu kwenda Shelisheli, Somalia na Oman, na anayesimamia safari hiyo ni Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, ambako kila nchi ina kura na kila nchi inaruhusiwa kupinga uamuzi na kutofungwa nao.

Mwaka 2015 wanasayansi wa tume hiyo walitangaza kuwa jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata ukapitishwa mpango wa kumrejesha, na baadaye zikaanza pingamizi, nyingine kutoka kwa nchi za huku huku kwetu. Februari 2023, katika kikao kilichofanyika Mombasa, nchi wanachama zilipiga kura kubana vile vivutia samaki vinavyoelea baharini na kutuma taarifa kwa setilaiti, ambavyo meli kubwa za nyavu, nyingi za Ulaya, huvitumia kuzingira jodari, wengi wao wachanga. Umoja wa Ulaya na nchi nyingine zikapinga, uamuzi ukakosa meno, na mwaka 2024 yakaja makubaliano mapya yanayoshusha kidogo kidogo idadi ya vivutia hivyo hadi 225 kwa kila meli ifikapo 2028. Tathmini mpya ya mwaka huo ilitoa picha njema zaidi ya hali ya jodari. Tunaipokea. Tunachoogopa ni itakavyosomwa: kwamba kila mwenye meli ataiona kama ruhusa.

Na sisi tumo kwenye foleni hiyo. Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya Sh bilioni 260. Boti za mkopo nafuu zimetolewa Bara na Zanzibar chini ya bendera ya uchumi wa buluu. Hatupingi bandari, ni aibu kwamba nchi yenye mwambao wa kilomita zaidi ya 1,400 imekaa miaka yote hii bila gati la meli za uvuvi. Wala hatupingi kijana wa Kilwa Kivinje kupata boti ya maana. Tunapinga boti kutolewa bila mtu kuulizwa itavua nini, wapi, na wangapi wameshakuwapo hapo. Sehemu kubwa ya vyombo vyetu huvua kwenye ukanda mwembamba wa miamba na majani, uleule wa babu zetu. Boti mpya ikishindwa kulipa rejesho la benki kwenye maji ya kina, itageuza usukani na kurudi palepale. Kanada ilianza hivyohivyo, kwa nia njema na picha za makabidhiano.

Kwa hiyo tunasema hivi. Wizara ya Mifugo na Uvuvi, pamoja na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ya Zanzibar, ziache kutoa boti za kuongeza idadi kwenye maji ya pwani mpaka taasisi za utafiti wa uvuvi za Bara na Zanzibar, TAFIRI na ZAFIRI, zitangaze hadharani, kwa kila wilaya, aina za samaki, urefu wao, na kiasi anachopata mvuvi kwa safari moja. Boti mpya ikitolewa, ya zamani itoke majini. Duniani upepo umeshageuka: Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku za uvuvi, ulioanza kutumika Septemba 2025, unazuia ruzuku kwa uvuvi wa samaki waliokwisha kuzidiwa, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia siku ileile ulipopata idadi ya kuanza kazi.

Vilevile tuache kudhani kwamba suluhisho lazima litoke nje ya bahari yetu. Kenya imefanya majaribio ya dema zenye upenyo mwembamba pembeni, unaowaruhusu samaki wachanga kutoka na kuwazuia wakubwa; mapato ya wavuvi hayakuporomoka, kwani samaki wachache wakubwa waliwalipa kuliko wengi wadogo. Mafundi wa dema tunao kila kijiji. Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, wanakijiji walitenga eneo lao wenyewe tangu mwaka 2005 na samaki wakarudi. Kwa pweza njia inajulikana zaidi: huko Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004 kufunga mwamba kwa miezi michache, na jambo hilo limefika Songosongo, Mafia na Kisiwa Panza. Pweza mdogo huongezeka uzito kwa kasi ya ajabu, maisha yake yote ni mwaka mmoja na kitu, na jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Ukimpa miezi mitatu, siku ya kufungua mwamba unakuta mwingine.

Tatizo la siku ya kufungua linajulikana pia. Habari husambaa, mashua huja kutoka vijiji vya mbali ambavyo havikufunga chochote, na kilicholindwa miezi mitatu huisha kwa siku mbili. Hapo kijiji hakiwezi kujilinda peke yake. Kinahitaji sheria ndogo ya wilaya na doria inayofika. Inahitajika pia Bara na Zanzibar kukaa meza moja. Uvuvi wa maji ya pwani si suala la Muungano, kila upande una sheria yake, lakini samaki wa mkondo wa Unguja hajui amevuka upande gani. Mwamba ukifungwa Kizimkazi na mabaharia wa upande wa pili wakaendelea kuvua kama kawaida, aliyefunga atajiona mjinga, na hatafunga tena.

Limebaki suala la tumbo, ambalo wataalamu wa mazingira hupenda kuliruka. Anayeambiwa asivue miezi mitatu anakula nini? Anayeishi kwa pweza wa bamvua hadi bamvua hana akiba ya kusubiri. Ufungaji wa miamba utadumu pale tu penye fedha za kuwavusha watu hadi siku ya kufungua, na kuwanunulia wavu halali wale wanaosalimisha haramu. Tunapendekeza fedha hizo zitoke kwenye ada za leseni za bahari kuu, kwa fungu maalumu linaloandikwa kwenye bajeti na kupelekwa moja kwa moja kwenye vijiji na shehia zinazofunga. Hakuna kodi mpya inayohitajika. Ada hizo hulipwa kwa dola, na meli za kigeni ambazo nyingi hazijashusha hata kreti moja ya samaki kwenye bandari zetu.